Mazishi ya Stesheni

Roselyne Khasandi alikuwa amekaa miaka minne kwa madam Jumana, kule Dubai Silicon Oasis, siku alipoambiwa atafute sweta nzito kwa sababu wanakwenda Japani. Hakuulizwa kama angependa. Aliambiwa jikoni akimenya karoti, na madam alikuwa na furaha ya mtu anayemletea mwenzake zawadi.

"Si mjini, Rose. Vijijini. Utaona mahali ambapo hata Wajapani wenyewe wamepasahau."

Madam Jumana alikuwa mchoraji wa majengo. Mchana alichora minara ya vioo, lakini moyo wake ulikuwa kwenye stesheni za zamani za mashambani Japani: vibanda vya mbao vilivyojengwa enzi za mababu, benchi moja, saa ya ukutani, na reli moja inayopotelea milimani. Kila mwaka alikwenda kuzitafuta na kuzipiga picha. Mumewe, sir Luay, alisema mkewe ana ugonjwa usio na dawa, akacheka, akamwacha aende. Mwaka huo binti yao, Tala, alikuwa ametimiza miaka mitatu na hakubali kulala kwa mtu mwingine isipokuwa Rose. Basi Rose naye akafungashwa pamoja na maziwa na blanketi.

Siku chache kabla ya kuondoka, Jotham, mdogo wake Rose, alipiga simu kutoka nyumbani, magharibi ya Kenya. Mama yao, Truphena, alikuwa akiugua tangu Krismasi.

"Sasa hali kitu," Jotham alisema. "Anauliza wewe tu. Kama unaweza kuja, kuja sasa."

Rose alingoja madam amalize chakula cha jioni ndipo akamweleza. Madam aliweka uma chini, akamsikiliza mpaka mwisho, na macho yakamlowa kwelikweli. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomtesa Rose baadaye kuliko mengine yote, kwamba hakuwa mtu mbaya.

"Habibti, tiketi zimeshakatwa," alisema. "Visa yako ya Japani imenitoa jasho mwezi mzima. Ni wiki mbili tu, halafu unakwenda kwenu moja kwa moja, tiketi juu yangu. Mama atakungoja, inshallah."

Rose akasema sawa, madam. Alikuwa amelisema neno hilo miaka minne, na ulimi ulikuwa umeizoea njia yake.

Walitua Japani mwishoni mwa baridi. Walipanda treni kubwa, kisha ndogo, kisha ndogo zaidi, hadi wakajikuta ndani ya behewa moja pekee linalonguruma kama trekta la miwa, pamoja na vikongwe na wanafunzi wanaosinzia. Wakishuka, behewa linaondoka, na kimya kinawamwagikia. Hapana mkata tiketi, hapana mchuuzi. Pana kibanda cha mbao zilizogeuka rangi ya majivu, mito midogo ya kukalia iliyofumwa na wanakijiji, ua kwenye glasi, na ufagio umesimamishwa kwenye kona. Nje theluji iliyochafuka imelala kwenye vivuli.

Madam alizipapasa kuta zile kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe wake wa maziwa. Alilala chali kwenye jukwaa la stesheni apate kupiga picha ya dari. Rose alimfuata nyuma, Tala mgongoni kwa leso, begi la nguo za mtoto kwenye bega moja na miguu ya kamera kwenye bega la pili. Siku ya kwanza alitetemeka mpaka madam akamnunulia koti jekundu, zuri, la gharama. Kisha akampiga picha amelivaa, akicheka kwa sababu Tala alikuwa amemtia theluji shingoni, akaiweka picha hiyo mtandaoni saa ileile.

"Mbona wewe huvutiwi?" madam alimuuliza siku moja wakingoja treni. "Hebu tazama mahali hapa."

"Naona, madam. Kwetu pia kuna stesheni iliyokufa."

"Kweli? Ya mbao?"

"Ya mabati."

Madam alitaka kujua zaidi, na Rose akamweleza kwa ufupi, kwa Kiingereza chake cha kazini. Mama yake alikuwa akiuza mahindi ya kuchemsha na ndizi mbivu kwenye stesheni ile. Treni ikipunguza mwendo, Truphena alikuwa mbele ya wachuuzi wote, beseni kichwani, akikimbia kando ya mabehewa dirisha hadi dirisha. Karo ya Rose na Jotham ilitoka kwenye madirisha yale. Kisha siku moja treni haikuja. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyebandika karatasi. Mama alikaa na beseni mpaka mahindi yakapoa, akarudi nyumbani. Kesho yake akaenda tena, na keshokutwa, na wiki iliyofuata, maana hakuna aliyemwambia asiende. Baadaye watu waling'oa mabati wakaezekea vyoo, wakang'oa mataruma wakapikia. Rose aliacha shule kidato cha pili.

Hilo la shule hakulisema. Alisema tu kwamba treni iliacha kuja.

"Huzuni nzuri hiyo," madam alisema taratibu. "Siku moja unipeleke."

Rose alimtengeneza Tala mgongoni. Alijaribu kuutafuta uzuri wa huzuni ile asiuone.

Siku ya tisa walishinda wakipita kwenye mahandaki ya milimani na simu haikushika kitu. Waliposhuka kwenye stesheni iliyofuata, simu ya Rose ikaanza kutetemeka mfukoni bila kupumzika. Jotham alikuwa amepiga na kupiga. Mwisho aliandika maneno manne: "Mama ametuacha jana usiku."

Rose aliketi kwenye benchi. Tala alipanda magotini mwake, akamshika mashavu kwa vidole baridi, akamuuliza kwa Kiarabu kama tumbo linamuuma. Madam alikuja mbio, akajua kabla ya kuambiwa, akamkumbatia, akalia naye. Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa akifagia kibanda kile alisimama na ufagio wake, akawatazama, kisha akaenda akarudi na chenza mbili, akaziweka kwenye benchi karibu na Rose na kuinama. Rose alizitia mfukoni. Zilikaa humo mpaka zikaoza, kwani hakuweza kuzila wala kuzitupa.

Jioni, kwenye nyumba ya wageni, Jotham alimweleza kwa simu kwamba wazee wamekubaliana maziko yawe Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Rose alikokotoa kichwani: akiondoka asubuhi atafika, hata kama ni kwa kuanguka langoni na begi mkononi. Alibisha hodi chumbani kwa madam.

"Madam, naomba pasipoti yangu. Nitakwenda mwenyewe mpaka uwanja wa ndege. Tiketi unikate mshahara."

Madam alikuwa amekaa sakafuni, kamera zake zimezagaa mbele yake.

"Rose, Jumamosi ndiyo ile siku."

Rose aliijua siku hiyo, wote nyumbani waliijua. Kulikuwa na stesheni moja juu kabisa ya bonde, ambayo wasafiri wake walikuwa wamebaki watatu au wanne, na kampuni ya reli ilikuwa imeamua kuifunga. Jumamosi jioni treni ingesimama pale kwa mara ya mwisho. Watu wangetoka mbali kuja kuiaga. Madam alikuwa ameipanga safari nzima kuizunguka siku hiyo.

"Peke yangu na Tala siwezi kupiga hata picha moja," madam alisema. "Nimeisubiri tangu mwaka jana. Baada ya hapo haipo tena, milele. Na nyinyi si mnaweka maiti mochari? Uliniambia mwenyewe, wiki mbili, wiki tatu. Waombe wangoje kidogo."

"Wazee wameshapanga, madam. Wanakijiji wameshachanga. Na mama yangu naye anazikwa mara moja tu."

Madam alipangusa macho. Alimpigia sir Luay, akaiweka simu katikati yao. Sauti ya sir ilikuwa ya upole, ya mtu aliyechoka na kazi.

"Pole sana, Rose. Lakini huko utapotea, hujui lugha wala njia. Sisi ndio kafeel wako, wadhamini wako, likikupata jambo ni sisi tutakaoulizwa. Vumilia mpaka Jumapili. Nitakutafutia ndege ya kwenda Nairobi mimi mwenyewe. Khalas, usilie."

Usiku ule madam alilala na mkoba wa pasipoti chini ya mto. Halikuwa jambo la kawaida yake. Rose aliuona utepe wa mkoba ukichungulia alipoingia kumbadilisha Tala, akasimama pale kitambo akiutazama, kisha akambadilisha mtoto.

Jumamosi ilikucha na jua la baridi. Stesheni ile ilikuwa ndogo kuliko zote walizoziona, paa lake limebonyea katikati. Lakini watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Watoto wa shule walileta tarumbeta. Wamama waligawa matonge ya wali na supu kutoka kwenye masufuria makubwa. Pale mlangoni palikuwa na mashada ya maua meupe na ya manjano, na mzee aliyewahi kuwa mkuu wa stesheni hiyo alikuwa ameketishwa kwenye kiti, amevaa kofia yake ya kazi na glavu nyeupe, watu wakipanga foleni kumwinamia mmoja mmoja. Aliyepaswa kutoa hotuba alishindwa kuimaliza. Rose, ambaye hakuelewa neno hata moja, alielewa kila kitu. Aliwajua hawa: huyu ndiye mfiwa, hawa ndio wapishi, wale wamekuja kwa ajili ya kuonekana.

Saa kumi ya pale ilikuwa saa nne ya asubuhi kwao. Jotham alipiga simu ya video. Rose alikuwa na Tala ubavuni na simu mkono wa pili, akajibanza kwenye ukuta wa mbao. Aliona turubai la kukodi, akaona viti vya plastiki na shangazi zake wakiwa na vitambaa kichwani. Akaliona jeneza, limefunikwa kitambaa cha zambarau cha kina mama wa kanisa. Kwaya ilikuwa inaimba, lakini sauti ilimfikia vipande vipande, na kila ilipotaka kunyooka tarumbeta za watoto wa shule ziliimeza. Jotham aliigeuza simu Rose aone kaburi. Picha ikaganda hapo hapo, kwenye udongo mwekundu, kisha ikazimika.

Alipiga tena. Haikushika. Wakati huo treni iliingia, behewa moja lililopambwa maua usoni, na umati ukapiga mayowe ya chini, yale ya mtu aliyeshikwa na uchungu asitake kusikika. Dereva alitoa kichwa nje, naye analia.

Rose alilia. Alilia kwa kinywa wazi, kama wanavyolia kwao, kwa sauti iliyoanzia tumboni, na Tala kwa hofu akalia naye. Watu waliokuwa karibu waligeuka. Mama mmoja mwenye mvi alimsogelea, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akasema maneno marefu huku machozi yakimtiririka, kisha akainama mpaka kichwa kikafika magotini. Wengine nao wakainama.

Madam alikuwa amefika, kamera usoni. Aliishusha. Kijapani alikijua cha kuombea maji na kuulizia njia, lakini haya aliyaelewa.

"Anasema asante," alimnong'oneza Rose. "Anasema umetoka mbali sana kuja kuililia stesheni yao. Anasema hatakusahau."

"Mwambie ukweli."

"Rose."

"Mwambie ni mama yangu. Mwambie anazikwa sasa hivi."

Madam alimtazama yule mama, akawatazama na wale wengine waliosimama nyuma yake na nyuso zao zilizolowa.

"Si wakati wake, habibti," alisema. "Utawavuruga."

Akawageukia, akainama, akasema neno moja la shukrani. Dereva alipiga honi ndefu, treni ikaondoka tupu, na watu wakaipungia vitambaa mpaka ikamezwa na kona.

Ndege ya Jumapili haikupatikana. Walirudi Dubai wote pamoja wiki mbili zilipotimia, sir akawa na safari ya kikazi, na mwezi ulikuwa umekaribia kwisha Rose alipofika kwao. Udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kutitia. Nyumba ya mama imefungwa kwa kufuli jipya, na ufunguo alikuwa nao mke wa Jotham. Shangazi zake walimpokea vizuri, wakamlisha, na hakuna aliyekaa naye kwa muda mrefu.

Jotham alikuwa akifunga uzio wa boma. Hakuacha kazi.

"Tuliona picha," alisema.

"Picha gani?"

"Ya koti nyekundu. Watoto wa hapa walikutafuta kwa mtandao, wakaleta mpaka kwa Mama kitandani. Wewe unacheka kwa theluji. Mama alitaka aletewe simu karibu. Akasema, kumbe hana shida, anatembea tu."

Rose alieleza. Alieleza habari za visa, mkoba wa pasipoti, kafeel, treni moja inayopita kila baada ya masaa. Kadiri alivyoeleza ndivyo yote yalivyosikika kama visingizio, hata masikioni mwake mwenyewe. Jotham alikaza waya, akaukata kwa koleo.

"Hukufungwa kamba, dada," alisema.

Rose alirudi Dubai kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kufanya. Tala alimrukia mlangoni na kumganda shingoni, na kwa ajili ya mtoto yule Rose alikaa tena hadi miezi ya joto ilipopita. Hapo ndipo madam alipofanya maonyesho ya picha zake kwenye jengo moja la ofisi. Rose alikwenda kumshika Tala. Watu walitembea na glasi za maji ya matunda, wakinong'ona mbele ya vibanda vya mbao na reli zenye kutu, na mwisho wa ukumbi, peke yake kwenye ukuta mweupe, palikuwa na picha kubwa kuliko zote. Mwanamke mweusi mwenye koti jekundu, mtoto ubavuni, kinywa wazi, na mbele yake umati wa watu umeinama. Chini yake paliandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza: Mgeni aombolezea stesheni.

Hakuna aliyemwambia kwamba picha ile ipo. Simu haikuonekana. Madam alikuwa ameikata nje ya picha, au mkono ulikuwa umeificha.

Bwana mmoja mwenye suti, mgeni wa sir Luay aitwaye Shakir, aliitazama picha, akamtazama Rose, akatabasamu.

"Ni wewe, sivyo? Ajabu. Uliwahi kuiona stesheni hiyo kabla ya siku ile?"

"Hapana, sir. Mama yangu alikuwa anazikwa."

Alidhani amesikia vibaya. Rose akarudia, kwa Kiingereza na kisha kwa Kiarabu cha jikoni, kwa sauti ileile, si kubwa. Watu wawili watatu waligeuka. Bwana Shakir alisema pole, akatafuta mahali pa kuweka glasi yake.

Kwenye gari, madam ndiye aliyeshika usukani. Tala alikuwa amelala nyuma, kichwa kwenye paja la Rose.

"Umeniaibisha mbele ya watu," madam alisema. "Mimi nimekuchukua kama ndugu. Nimekupeleka mahali ambapo wengine hawapaoti."

"Niliomba pasipoti yangu, madam."

"Na mimi nilikueleza. Ile picha ndiyo kitu cha kweli kuliko vyote nilivyowahi kupiga. Watu wanalia wakiiona."

"Wanalilia nini?"

Kesho yake Rose aliomba visa yake ifutwe. Madam hakubisha. Aliweka saini kila mahali alipoonyeshwa, akamrudishia pasipoti yake kwa mkono wake mwenyewe, na siku ya kuondoka Tala alipelekwa mapema kwa bibi yake ili asione.

Sasa Rose anafanya usafi kwenye kliniki moja ya meno huko huko Dubai, Oud Metha. Analala Discovery Gardens, kitanda cha juu, kwenye chumba anachokaa na Dorcus, Mganda mlinzi, na wengine wawili. Dorcus ndiye pekee aliyesimuliwa yote. Alisikiliza akipiga pasi shati la kazi, akasema angekuwa yeye angeichana picha ile palepale ukutani. Rose akamwambia asingeichana. Angekuwa amemshika mtoto.

Wiki iliyopita Jotham alipiga simu. Huwa anapiga kukiwa na neno tu. Familia wamepanga kujengea kaburi la mama kwa saruji mwezi wa nane, na shangazi wamesema mtoto wa kwanza lazima awepo.

"Nitaomba ruhusa," Rose alisema.

Jotham akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akasema sawa, omba, akakata simu. Rose alibaki ameshika simu ukumbini pa kliniki hadi mapokezi wakamwita: kuna mtoto ametapika kwenye chumba cha pili.

Aliomba ruhusa jioni ileile. Msimamizi wake alisema mwezi wa nane wengine wameshaomba, ajaribu wa kumi na moja.